Wasemao Chuma Hutengenezwa

Kila msimu wa karafuu unapokaribia kwisha, majamvi yakakunjwa na malipo ya Shirika la Biashara la Taifa yakawa yamekwisha kuingia mikononi mwa wenye mikarafuu, huanza katika mabaraza ya Chake Chake, Wete na Mkoani mazungumzo ambayo mimi, kwa kuwa nimependa gari tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, siyakosi: nani ameagiza, nani ameletewa, nani ameahidiwa na shemeji yake aliye Maskati, na Subaru gani imeshushwa juzi gatini Mkoani. Katika mazungumzo hayo hutamkwa neno moja ambalo limekwisha kuwa mfano wa hukumu isiyokatiwa rufani, nalo ni kwamba gari ni chuma, na chuma hutengenezwa. Kwa hivyo mtu mwenye akili hununua iliyo rahisi, akabakisha fedha ya kuitengenezea, na anayetoa bei kubwa kwa gari iliyokwisha kutumika, kwa sababu tu ati ni nzima, huyo ni mjinga aliyeliwa. Neno hili nalisikia kwa vijana na kwa watu wazima, kwa waliosoma na wasiosoma, nami nimeazimia kulipinga, kwa kuwa nimeona nyumba zilizotikiswa nalo, na kwa kuwa naamini kwa yakini kwamba ni batili.

Ili tusigombane bure, naeleza kwanza gari ninazozikusudia. Sikusudii daladala wala gari za shamba, ambazo hukumu yake ni nyingine. Nakusudia gari zenye nguvu, zile ambazo waliozibuni walizipa injini kubwa kuliko haja ya kufika, kwa ajili ya mtu aonaye raha katika kuendesha kwenyewe: Subaru Impreza WRX na ndugu yake Forester yenye tabo, Toyota Altezza iliyoundwa tangu mwaka 1998 hadi 2005, Mark II ya Tourer V, na Mark X iliyoirithi Mark II mwaka 2004. Wapo wazee wenzangu wasemao kwamba gari za namna hii hazina kazi katika kisiwa ambacho urefu wake haufiki kilomita 70, na kwamba kuzitamani ni israfu ya ujana. Kwao nasema kwa staha kwamba sikubaliani nao. Pemba, ambayo Waarabu wa kale waliiita Jazira ya Kijani, ni nchi ya vilima na mabonde, na aliyepata kuondoka Mkoani usiku wa masika kukimbilia hospitali ya Chake Chake, na mgonjwa amelala kiti cha nyuma, anajua tofauti ya gari ipandayo kilima kwa utulivu na gari ipandayo kwa kupiga mayowe. Tena kukipenda kitu kilichoundwa kwa ustadi si dhambi. Babu zetu walizipenda mashua zao nyepesi zikatazo maji, na hakuna aliyewaita wafujaji.

Ubishi wangu uko kwingine. Uko katika dhana kwamba gari yenye nguvu inayouzwa rahisi ni gari ile ile nzima, ila imepunguziwa bei, na kwamba tofauti ya bei ni akiba iliyobaki mfukoni mwa mnunuzi. Mimi nasema kwamba ni gari nyingine kabisa iliyovaa jina la ile, na kwamba tofauti ya bei si akiba bali ni deni, tena deni ambalo mkopaji hajaambiwa kiasi chake wala siku ya kulipa.

Tuangalie urahisi huo unatoka wapi, maana hakuna kitu kirahisi pasipo sababu. Gari nyingi mno tunazozinunua zimetoka Japani, ambako sheria humtaka mwenye gari ya nyumbani aipeleke kwenye ukaguzi mkubwa uitwao shaken, mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu inunuliwe mpya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na matengenezo utakayoamriwa kuyafanya yana gharama zaidi; kwa hivyo Wajapani wengi, muhula unapokaribia, huona heri kuiuza gari kuliko kuilipia. Hapo ndipo zinapotoka gari za aina mbili, na hapo ndipo watu wetu wanapochanganyikiwa. Aina ya kwanza ni gari ambayo haina ila yoyote, mwenyewe ameichoka tu au ametaka mpya. Aina ya pili ni gari ambayo mwenyewe anajua haitapita. Zote mbili huingia mnadani siku moja, zikaoshwa kwa maji mamoja na kupigwa picha na mtu mmoja.

Lakini mnada wa Kijapani una insafu ambayo sisi hatuitumii. Kila gari hupewa karatasi yake: juu imeandikwa daraja, na iliyo njema kwa gari ya umri huu ni 4 au 4 na nusu, iliyopata ajali ikaundwa upya hupewa herufi R au RA mahali pa namba, hali ya ndani hupewa herufi yake, A hadi D, na chini hapo kuna mchoro wa gari uliotiwa alama, A kwa mchubuko, U kwa mbonyeo, W kwa bati lililonyooshwa, S kwa kutu, na XX kwa kipande kilichokwisha kubadilishwa. Karatasi hii ndiyo shahada ya gari. Nimeuliza watu wengi walionunua gari zao rahisi kama walipata kuiona, na jawabu nililopewa mara nyingi ni kwamba muuzaji alisema imepotea. Gari imevuka bahari kutoka Japani na kila kitu chake, hata jivu la sigara za mwenyewe limo katika kisahani, isipokuwa karatasi moja tu!

Sasa niseme habari ya tabo, kwa kuwa ndiyo inayowavutia vijana wetu na ndiyo inayowafilisi. Tabo ni gurudumu dogo lizungushwalo na moshi wa injini yenyewe unapotoka, nalo huisukumia injini hewa kwa nguvu ili iunguze petroli nyingi zaidi. Kwa njia hiyo injini ya lita 2 tu ya Impreza hutoa nguvu ya farasi 250, na zile za STI zilitangazwa kuwa na farasi 280. Gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, likiwa katika moto wa kuiva chuma, na kinacholizuia lisisagane na mhimili wake ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Fikiri, basi, ewe msomaji, maana ya oili iliyocheleweshwa kubadilishwa katika injini ya namna hii. Katika gari ndogo ya kawaida, mwenyewe akisahau oili kwa miezi kadha, injini itanung'unika na kuendelea. Katika injini ya tabo, kusahau huko ni kama kumwachisha mgonjwa dawa, hapana kelele siku ile wala wiki ile, ila maradhi yamekwisha kuingia na hayatoki tena kwa kumwaga oili mpya juu yake. Ndiyo maana nasema kwamba katika gari zenye nguvu, historia ya gari ni kipande cha gari. Unaponunua nzima hununui bati na viti tu. Unanunua miaka kumi ya mtu mwengine aliyekuwa na tabia ya kubadilisha oili kwa wakati.

Mpwa wangu, ambaye simtaji jina kwa kuwa yuko hai na ana haya zake, alirejea kutoka Uarabuni akiwa na fedha aliyoitolea jasho, akaniomba niende naye kutazama Impreza mbili. Ya kwanza ilikuwa ya milioni 15, nayo ilikuwa na karatasi yake ya mnada, daraja 4, na rangi yake imechujuka kidogo juu ya bonneti. Ya pili ilikuwa ya milioni 9, rangi ya buluu inayong'ara, ringi za dhahabu, na ekzosi ambayo ilipowashwa kuku wote wa mtaa ule walikimbia. Muuzaji wa ya pili, naye simtaji, alikuwa mtu wa maneno laini. Nilimwambia mpwa wangu afungue bonneti, tukatazama, na pembeni mwa kifuniko cha plastiki cha mkanda wa taimingi nikaona kikaratasi kilichobandikwa, kimefifia kwa joto, maandishi yake ya Kijapani ambayo hapana aliyeyajua pale; lakini tarakimu ni tarakimu kwa watu wote, na pale palikuwa na 24 mwanzoni, na chini yake 103,420.

Hicho kikaratasi hubandikwa na mafundi wa Japani wanapobadilisha mkanda, ili fundi wa baadaye ajue ulibadilishwa lini na gari ikiwa imekwenda kilomita ngapi. Ile 24 ni mwaka wa 24 wa Heisei, kwa hesabu yao ya enzi za wafalme, yaani mwaka 2012. Nikaenda nikatazama mita ya dashibodi: kilomita 81,000 na kidogo. Basi gari ile, tangu mwaka 2012 hadi siku tuliyosimama mbele yake, badala ya kwenda mbele ilikuwa imerudi nyuma kilomita 22,000. Nilimwonyesha mpwa wangu kwa kidole. Muuzaji akasema huenda kikaratasi kimetoka gari nyingine. Na mpwa wangu, ambaye si mpumbavu hata chembe, alinitazama akaniambia neno lile lile ninaloandika kulipinga: «Mjomba, hata kama mita imechezewa, si chuma? Nina milioni 6 zimebaki za kuitengenezea.»

Akanunua. Nami sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwa kuwa alikuwa amerudia maneno ya watu wote. Miezi mitatu baadaye gari ilianza kutoa moshi wa samawati kila asubuhi, ishara ya oili kupita mahali pasipo pake, akaambiwa ni tabo. Akaagiza tabo la mtumba kutoka Dar es Salaam, likafungwa bila ya njia za oili kusafishwa, na chembe za chuma za tabo la kwanza zilizokuwa zimebaki humo zikateremka taratibu hadi kwenye beringi za krankshafti. Injini ikaanza kugonga alipokuwa akipanda kilima, mkewe yuko kando yake. Akanunua injini ya mtumba, ambayo nayo hapana aliyejua ilitoka gari gani, ikachemsha maji baada ya wiki mbili na kuunguza gasketi ya hedi. Alikuwa na daftari la skuli la binti yake ambalo nyuma yake aliandika kila alichotoa, tangu tabo na injini hadi nauli ya mzigo, kibarua cha kupakia, na oili iliyomwagwa ikiwa mpya. Na siku aliponionyesha, jumla ilikuwa milioni 8 na laki 3. Ongeza milioni 9 za kwanza, utapata milioni 17 na laki 3, na gari bado imesimama chini ya mshelisheli. Ile ya milioni 15 ilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Wete.

Watasema: kosa ni la fundi. Na hapa nataka kuwatetea mafundi wetu, kwa sababu neno «chuma hutengenezwa» limewabebesha mzigo usio wao. Nimekaa katika gereji za Chake Chake nikaona kijana wa miaka ishirini akifungua gia boksi juu ya gunia, akazipanga bolti zake kwa mpangilio katika kifuniko cha ndoo, akaifunga tena ikafanya kazi. Maarifa hayo ni ya kuheshimiwa mahali popote duniani. Lakini fundi hutengeneza kilichoharibika, hawezi kurudisha kilichokwisha lika. Silinda iliyochunika kwa kukosa oili, chesisi iliyokunjwa katika ajali ikanyooshwa kwa mnyororo, bati la sakafu lililoliwa na ile chumvi inayomwagwa katika barabara za kaskazini ya Japani ili kuyeyusha theluji, hayo hayatengenezwi, hufichwa. Na gari yenye nguvu haivumilii kufichwa, maana kila udhaifu uliofunikwa huifuata nguvu na kuibuka pale nguvu inapotakiwa. Basi anayemletea fundi gari ya aina hiyo, akampa fedha kidogo, na akamtaka aitoe kama mpya, amemdhulumu fundi kabla fundi hajamdhulumu yeye.

Tena sisi tuko kisiwani, na jambo hili wasemaji wa baraza hulipitia juu juu kama kwamba Kariakoo iko Chake Chake. Mtu wa Dar es Salaam gari yake ikimkatikia hupanda daladala akanunua spea na jioni amerudi. Mtu wa Pemba hupiga simu, mwenye duka humwambia ipo, hutuma fedha, spea hupelekwa bandarini ikangoja boti, ikafika Unguja, ikangoja nyingine, ikashuka Mkoani, ikatafutiwa gari ya Chake, na inapofunguliwa, yaonekana ni ya Impreza ya mwaka mwengine, matundu hayakubaliani. Huko Bara gari mbovu humpotezea mtu fedha. Huku kwetu humpotezea fedha na siku, na siku ni rasilmali ambayo hapana benki iirejeshayo. Mwenye gari nzima naye huagiza spea, sikatai, lakini huagiza plagi na brekipedi kwa wakati autakao yeye, gari bado inatembea. Mwenye gari mbovu huagiza kwa wakati utakiwao na gari, na mwenye duka anaijua sauti ya mtu aliyekwama, akampangia bei kwa sauti hiyo.

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote, na ambayo sitaki kuipita kwa wepesi kwa kuwa ni hoja ya mnyonge, ni hii: fedha haipo. Mwenye milioni 9 hana milioni 15, na kumwambia anunue ya milioni 15 ni kumdhihaki. Haya ni maneno ya kweli. Lakini angalia jinsi hoja ilivyojengwa, utaona kwamba imemfungia mtu katika chumba chenye mlango mmoja. Yeye hakutakiwa kuchagua kati ya Impreza nzima asiyoiweza na Impreza mbovu anayoiweza. Kwa milioni 9 hizo hizo angeweza kupata Carina au IST iliyo nzima, ya daraja 4, ya injini ndogo isiyo na tabo, ambayo spea zake zimejaa kila duka la Darajani, Unguja. Angeendesha miaka mitatu, angeiuza kwa hasara ndogo, na akaongeza alichokusanya akaifikia Impreza iliyo nzima akiwa bado kijana. Kinachomzuia si umasikini. Kinachomzuia ni kwamba baraza limemwambia jina la gari lina thamani hata likiwa limebandikwa juu ya uozo, na kwamba aendeshaye IST hajawa mtu. Na huo ndio ubatili ninaoupinga kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa asiyeweza kununua gari yenye nguvu iliyo nzima, gari ya mwisho kabisa anayostahili kuinunua ni gari yenye nguvu iliyo mbovu. Hiyo ni gari ya tajiri tu, awezaye kupoteza.

Wapo wasemao pia kwamba zote ni za mtumba, mtumba ni mtumba, hapana nzima ndani yake. Kwa hao nina kisa cha kweli. Wanaoyakumbuka mashindano ya East African Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, wanalijua jina la Joginder Singh, Mkenya wa asili ya Kihindi aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda mashindano yale, waliyoyaingia pamoja na gari mpya za viwanda vikubwa vya Ulaya, wakiendesha Volvo PV544 ya mkono wa pili, iliyokuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda chenyewe. Ilikuwa mtumba, tena mtumba wa kazi ngumu. Lakini ilikuwa gari ambayo asili yake yajulikana, iliyoshikwa na mikono ya watu wajuao, na mnunuzi wake alikuwa mtu awezaye kutofautisha uchovu na ubovu. Chuma cha kale kilichotunzwa kilipita katika tope na vumbi la nchi tatu kikazishinda mpya. Basi asiniambie mtu kwamba mtumba wote ni mmoja. Neno hilo husemwa na muuzaji wa mbovu, akalisadiki mnunuzi.

La ajabu kwangu ni kwamba lasadikiwa Pemba, kwa watu wa karafuu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kisiwa chetu kikawa ndicho chenye mazao mengi, hapana watu duniani waliozoea kupima ubora wa kitu kikavu kuliko sisi. Mtoto wa miaka kumi wa Konde akichota karafuu kwa kiganja anaweza kukwambia kama zimekauka, kama zimevunda, kama zimetiwa makonyo ili zizidi uzito. Tunajua kwamba daraja la kwanza na la tatu si kitu kimoja cha bei mbili, bali ni vitu viwili. Mama anayezianua karafuu zake mvua ya ghafla ikitanda Makangale hafanyi hivyo kwa mapambo. Anajua kwamba karafuu iliyonyeshewa ikavunda, jua la wiki nzima haliirudishi harufu yake. Mbona ujuzi huo tunauacha mlangoni tunapoingia katika uwanja wa gari?

Tena tuna sheria ya dini yetu, ambayo haikusubiri Japani itufundishe karatasi ya mnada. Kila mwanachuoni mdogo amesimuliwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka iliyokauka juu, vidole vyake vikakuta majimaji chini, akamkemea mwenye mali kwa ghishi aliyoifanya. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakaweka mlango mzima wa khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu alichouziwa kikiwa na kasoro iliyofichwa. Mita iliyorudishwa nyuma ni nafaka iliyonyeshewa. Rangi mpya iliyopulizwa juu ya puti nene kama sabuni ni nafaka iliyokauka juu. Wauzaji wenye kufanya hivyo wana taksiri yao mbele ya Mungu; lakini mnunuzi ambaye hataki hata kutia mkono katika chungu, ambaye huambiwa hapa pana majimaji akajibu kwamba majimaji hukauka, huyo ameitupa haki yake kwa hiari, na kila anunuaye namna hiyo humfundisha muuzaji kwamba ghishi ina soko.

Na liko jambo ambalo naliweka juu ya fedha yote niliyoihesabu. Gari yenye nguvu ya farasi 250 iliundwa na breki zake, shokapu zake na matairi yake kama kitu kimoja, kila kiungo kikipimwa kwa kingine. Anayeinunua rahisi hukuta injini bado inakwenda, kwa kuwa injini ndiyo inayosikika, na muuzaji huitunza isikike. Breki hazisikiki dukani. Diski zimelika hadi kuwa kama kisu, boshi zimekatika, tairi zina umri wa mtoto wa skuli, na kijana anateremka nayo kuelekea Chake saa moja na nusu asubuhi, wakati watoto wenye mikoba na juzuu wamejaa kandoni mwa barabara. Mimi ni babu wa watoto hao. Sitaki kusikia kwamba breki zitatengenezwa fedha ikipatikana.

Ile Impreza ya milioni 15 naiona mara kwa mara. Mwenyewe huja nayo Chake Ijumaa, huiegesha kivulini, na rangi ya bonneti imezidi kuchujuka kwa jua. Nilimwuliza safari moja ametoa nini tangu aichukue, akanihesabia kwa vidole vya mkono mmoja: oili kwa kila muda wake, plagi, brekipedi, rejeta moja, matairi. Aliniruhusu niiendeshe kutoka Chake hadi Vitongoji na kurudi. Ilipokamata kilima haikupiga kelele wala haikutetemeka, ilivuta tu, kwa nguvu moja iliyo sawa tangu chini hadi juu, na nilipogusa breki mbele ya kona ikainama kidogo na kutii. Nilikumbuka kwa nini watu huzipenda.

Mpwa wangu aliiuza ile ya buluu vipande vipande, ringi za dhahabu zikaenda kwanza. Wiki iliyopita alinipigia simu kwamba kuna Carina imeshuka gatini Mkoani, tukaenda pamoja. Muuzaji akaanza kueleza habari ya rangi na viti. Mpwa wangu hakumjibu, alikuwa amekwisha kufungua bonneti na kuinama, akipangusa vumbi kwa kidole gumba kando ya injini, akitafuta kikaratasi. Alipokipata akakisoma tarakimu moja moja kwa sauti, kisha akaniambia: «Mjomba, niangalilie mita inasema ngapi.»